Msumari Uliokiriwa Mara Mbili

Hadi kufikia saa mbili asubuhi, Inspekta alikuwa na msumari mmoja na watu wawili waliougombania.

Wa kwanza alikuwa mahabusu tangu juzi. Ni mtunza tanuri wa kiwanda kidogo cha majaribio kinachogeuza mbao chakavu kuwa gesi, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye makovu madogo ya moto mikononi. Alikiri siku moja baada ya mlipuko, bila kuguswa na bila kubembelezwa. Alisema ndiye aliyeacha msumari ndani ya mbao, msumari ukatoa cheche, cheche zikatoboa tanuri, na mlango wa tanuri ukafyatuka ukamuua mhandisi aliyekuwa amesimama mbele yake. Maelezo yote yalikuwa mistari sita. Koplo aliyeyaandika alisema hajapata kuandika maungamo mepesi namna ile tangu aajiriwe, na ndiyo sababu Inspekta hakuyapenda.

Wa pili alikuwa ameketi mbele ya meza yake sasa hivi, mkoba mapajani, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu aendaye kwenye shughuli ya watu wazima. Alikuwa mama mzazi wa huyo wa kwanza. Kiwandani walimwita Mama Misumari, maana kazi yake ilikuwa kung'oa misumari kwenye paleti kuukuu kabla mbao hazijasagwa na kulishwa tanuri.

"Mwanangu anasema uongo, afande," alisema. "Yeye hajang'oa msumari hata mmoja pale. Aliyeuacha ni mimi."

Inspekta alimuuliza anajuaje. Mama akasema anajua kwa sababu alihesabu. Paleti za aina ile zina misumari sabini na minane kila moja, haizidi wala haipungui. Siku ya mlipuko alikuwa amemaliza paleti sita, na misumari yake huitia kwenye kopo moja. Sita mara sabini na minane ni mia nne sitini na minane. Alipolihesabu kopo baada ya msiba, alipata mia nne sitini na saba. Alilihesabu mara tatu.

Koplo alileta chai. Inspekta aliona mkono wa mama ukiteleza juu ya meza, polepole, hadi ulipogusa sahani ya kikombe.

"Macho yana muda gani, mama?"

Mama aliuacha mkono juu ya sahani. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, kwamba ni miaka miwili sasa. La kushoto limekufa. La kulia linaona mwanga na vivuli. Anafanya kazi kwa vidole, na hajaona tofauti yoyote katika kazi yake, ila wakubwa wakijua watamwondoa siku hiyohiyo. Anayejua ni mwanawe peke yake.

Basi fumbo la mistari sita lilikuwa limefumbuka. Mwana alisikia kwamba msumari umekutwa kwenye makaa, akapiga hesabu zake kimyakimya, akajitwisha kosa kabla mtu hajafikiria kumuuliza mama yake. Inspekta alimtoa mama nje akapumzike kwenye benchi la korido.

Koplo aliona mambo yamekuwa mepesi. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana. Kosa lilikuwa kuua bila kukusudia, na yeyote ambaye jina lake lingekuwa juu ya jalada lile angelala gerezani miaka mingi.

"Tubadilishe jina tu, afande. Tumwandike mama."

"Au tuwaandike wote wawili," Inspekta alisema, "na kifungo wagawane."

Koplo hakujua kama acheke. Inspekta alivuta mfuko wa kielelezo akaunyanyua dirishani. Msumari ulikuwa wa inchi tatu, umepinda kidogo, na una kutu nyekundu. Alipoutikisa, unga wa kutu ulibaki chini ya mfuko.

"Huu umetoka motoni?"

"Ulikutwa kwenye makaa, afande."

"Nimeuliza kama umetoka motoni."

Koplo alisema hajui. Inspekta naye hakujua. Kwa hiyo walimchukua mama, gunia la makaa lililofungwa kwa lakiri ya polisi, na ule msumari, wakaenda kwa wanaojua.

*

Kiwanda kilikuwa nyuma ya karakana ya maseremala: banda la mabati lenye chumba cha tanuri, ukumbi mdogo wa mikutano, ofisi ya karani, na uwanja uliojaa paleti zilizopangwa hadi usawa wa kidevu. Kila kitu kilinuka mbao na moshi uliopoa. Meneja aliwapokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti jeupe lisilo na doa hata moja, na Inspekta alilitazama lile koti kwa muda kidogo kabla hajampa mkono.

Alieleza vizuri, kama mtu aliyezoea wageni. Mbao kavu haipati joto upesi ndani ya tanuri la maikrowevu kama lao, alisema. Mawimbi huipita tu na kuendelea na safari yake. Ndiyo maana wao huchanganya humo vipande vya waya mwembamba wa chuma, vya sentimita tatu tatu, gramu mia mbili kwa kila mkupuo wa mbao. Mawimbi yakiigusa, waya hutoa cheche kwenye ncha zake. Cheche hizo huunguza mbao kutokea ndani, na mbao hutoa gesi nyingi kwa umeme kidogo. Pia huongeza ndoo moja ya makaa ya jana, kwa kuwa makaa hushika joto mapema. Kiasi cha waya kilipatikana kwa majaribio ya miaka minne. Kikizidi, cheche huruka kutoka waya hadi waya mpaka zifike ukutani, zikatoboa, hewa ikaingia, na gesi ikalipuka.

"Ndiyo maana tunang'oa misumari," alimalizia.

"Msumari mmoja una uzito gani?"

"Gramu saba. Labda nane."

"Na waya mnaweka gramu mia mbili kwa makusudi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo gramu nane za bahati mbaya ndizo zilizong'oa mlango?"

Meneja alitabasamu. Alisema si suala la uzito peke yake, bali na umbo. Msumari ni mnene, una kichwa, haufanyi kazi kama waya. Lilikuwa jibu zuri, na Inspekta hakuwa na elimu ya kulipinga. Aliliandika kama lilivyo. Akauliza ni nani aliyeuona msumari kwanza. Meneja akasema ni yeye mwenyewe, kwenye makaa yaliyomwagika sakafuni, dakika chache kabla polisi hawajafika. Aliuokota ili usipotee.

Chumba cha tanuri kilikuwa kimepigwa utepe. Tanuri lenyewe, sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la nguo, lilikuwa wazi. Mlango wake ulikuwa umeegemea ukuta wa pili, na ubavuni mwa tanuri kulikuwa na tundu lenye kingo zilizoyeyuka, pana kiasi cha kuingiza kidole gumba. Inspekta alihesabu alama za cheche kwenye ukuta wa ndani hadi zikafika arobaini, kisha akaacha. Cheche za msumari mmoja zisingeruka huku na huku namna ile. Lakini hilo lilikuwa wazo lake tu, na wazo haliwekwi kwenye jalada.

Ofisini, karani alimpa karatasi ya kazi ya siku ile. Ilikuwa na mistari minne: uzito wa mbao, uzito wa waya, ndoo ya makaa, na mstari wa mwisho ulioandikwa "Sumaku imepita", wenye saini ya Meneja na saa: saa tatu asubuhi. Inspekta aliuliza sumaku ni ya nini. Karani, mwanamke aliyekuwa na macho mekundu ya kulia, alimweleza kwamba makaa ya jana huwa bado yana waya za jana. Kabla ndoo haijachanganywa na mbao mpya, sumaku kubwa yenye mpini hupitishwa ndani yake mpaka iache kuleta kitu. Waya zilizokwisha kutumika hutupwa kwenye pipa, maana ncha zake zimekuwa butu na hazitoi tena cheche za maana. Kila siku kazi hiyo ilifanywa na marehemu mhandisi. Siku ile alikuwa akihangaika na mabomba, ndipo Meneja akasema ataipitisha mwenyewe.

"Mna sumaku ngapi?"

"Moja tu, afande. Ile iliyokuwa mezani kwa wageni."

Inspekta alimwomba arudie. Karani alifungua simu yake badala ya kurudia. Kulikuwa na wageni siku ile, watu wa kuja kuona mradi, na yeye ndiye aliyeagizwa kupiga picha. Ukumbini, juu ya kitambaa cheupe, kati ya chupa za maji na shada la maua, sumaku ililala na kikaratasi chake cha maelezo. Picha ya kwanza ilipigwa saa mbili na dakika kumi. Ya mwisho ilipigwa saa tano na nusu, dakika chache kabla ya mlipuko. Katikati kulikuwa na picha thelathini na moja, na sumaku haikusogea hata inchi moja.

Inspekta alimwomba azitume zote, na asimwambie mtu. Bado haikutosha. Picha zilionyesha sumaku ilikuwa wapi. Hazikuonyesha ndani ya ndoo kulikuwa na nini. Na ule msumari bado ulikuwa na watu wawili.

*

Benchi la Mama Misumari lilikuwa uwanjani, chini ya kipande cha bati. Lilikuwa na nyundo, koleo, kigingi cha kupimia waya, na kopo. Mama alifika pale bila kushikwa mkono, akakaa kwenye kigoda chake, na mara moja akaonekana mdogo wa umri kuliko alivyokuwa kituoni.

Inspekta aliinama karibu naye. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba angependa ayachambue yale makaa kwa vidole, pale pale, lakini Meneja na karani watakuwapo kama mashahidi.

"Wakikuona unavyofanya, mama, watajua."

"Wajue," mama alisema. "Lete."

Koplo alikata lakiri. Makaa yalipita kwenye chekeche, vumbi likaanguka chini, na juu zikabaki waya: nyeusi, nyingi, zimesokotana. Mama alizivuta kifuani pake. Waya zile ndiye aliyezikata, zote, kwa koleo na kigingi, kwa miaka minne, na ndiye aliyekuwa akizikung'uta kwenye sumaku na kuzitia kwenye pipa. Alifumba macho, ingawa hakukuwa na haja. Vidole vilianza kwenda. Kila waya ilipita kati ya kidole gumba na cha shahada, ncha moja, ncha ya pili, kisha ikaenda kulia au kushoto.

Meneja alimtazama, akamtazama Inspekta. "Huyu mama haoni?"

Vidole havikusimama. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Koplo, ambaye hapo mwanzo alikuwa akiangalia saa yake kwa ajili ya mwendesha mashtaka, alisahau kuiangalia.

"Hizi," mama alisema hatimaye, akigusa lundo la kulia, "zimeingia motoni mara moja. Ncha zimeviringika kidogo tu, na urefu karibu uleule niliokata. Hizi za kushoto zimeingia mara mbili. Zimeliwa, ni fupi, na ncha zimevimba kama vichwa vya kiberiti. Hizi zilipaswa kuwa kwenye pipa."

Koplo alizipima. Kulia zilikuwa gramu mia moja tisini na moja. Kushoto zilikuwa mia moja sabini na nne. Inspekta alimwonyesha karani namba, karani akazisaini. Tanuri lilikuwa limepewa waya za siku mbili kwa siku moja, na cheche zilikuwa zimepata njia mpaka ukutani.

Kisha Inspekta akatia msumari kwenye kiganja cha mama, bila kumwambia ni upi.

Mama aliugusa ncha kwanza. "Huu haujaona moto. Bado unachoma. Na kutu inapukutika. Chuma kikitoka mle ndani kinakuwa cheusi, hakina kutu." Kidole chake kilipanda hadi kwenye shingo ya msumari, kikarudi, kikapanda tena. Safari hii kilikaa palepale muda mrefu. Alipapasa benchi, akaichukua nyundo yake, akamnyooshea Inspekta upande wa kucha za kung'olea misumari. Kucha moja ilikuwa na pengo dogo. Chini ya kichwa cha msumari kulikuwa na mchubuko wenye nundu katikati, na nundu ile iliingia kwenye lile pengo sawasawa.

"Huu niliung'oa mimi," alisema. "Ni wangu. Ulikuwa kwenye kopo."

"Wa mia nne sitini na nane," Inspekta alisema.

Mama aliinamisha kichwa na kulia, kwa utulivu, mikono yote miwili ikiwa imeushika ule msumari. Inspekta alimwacha kwanza, kisha akauchukua taratibu na kuurudisha kwenye mfuko.

Meneja alikuwa amerudi nyuma hatua mbili na kugusana na paleti.

"Sumaku ulipitisha saa ngapi?" Inspekta alimuuliza.

"Saa tatu. Imeandikwa."

"Saa tatu ilikuwa mezani kwa wageni. Nina picha thelathini na tatu."

Meneja akasema basi itakuwa mhandisi aliipitisha mapema, alfajiri, akamwambia, naye akasaini tu kwa kumwamini.

"Asiyekuwapo na lake halipo," Koplo alijisemea.

"Na msumari?" Inspekta aliuliza. "Huo pia alikupa marehemu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Meneja ilikuwa imeishia kwenye paleti. Alikaa chini, koti jeupe likagusa vumbi la makaa kwa mara ya kwanza. Alisema sumaku ilipendeza pale mezani na wageni walikuwa wakiiulizia. Alimwambia mhandisi ndoo iko tayari. Alidhani waya za jana zimekufa, hazina nguvu, hazitadhuru kitu. Miaka minne alikuwa akisoma namba za gesi kila jioni, na hakuwahi kutia mkono kwenye makaa hata siku moja; ndiyo maana alipohitaji chuma cha kutupia sakafuni, alichukua kilichokuwa karibu, chekundu kwa kutu, akaamini chuma ni chuma.

"Sikujua watamkamata yule," alisema. "Nilidhani itaitwa ajali."

Inspekta alimwambia ataandika hivyohivyo. Ilikuwa saa sita na robo.

*

Jalada liliondoka saa nane kasoro dakika tano likiwa na jina jingine. Zilibaki karatasi mbili za kufuta maungamo, moja ya mwana, moja ya mama, na kila moja ilihitaji saini.

Mtunza tanuri aliletwa kutoka mahabusu akiwa na viatu visivyo na kamba. Alimwona mama yake ameketi ofisini, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Inspekta alimsimulia kwa ufupi: sumaku, ndoo, malundo mawili, msumari. Alimsimulia na kopo. Mtunza tanuri alisikiliza huku uso ukimlegea. Inspekta alipofika kwenye sehemu ya vidole na mashahidi, mwana alifunika macho kwa mkono.

"Umewaonyesha, mama?"

"Nimewaonyesha."

"Watakufukuza."

"Labda." Mama aliugeuza uso wake upande ilikotoka sauti. "Kwa hiyo uliposikia msumari umepatikana, ulijua ni mimi."

"Nilitaka kukukinga."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Koplo alijifanya anatafuta kalamu. Mtunza tanuri alitazama viatu vyake visivyo na kamba, kisha akasema ukweli, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusema.

"Ndiyo, mama. Nilidhani ni wewe."

"Hata mimi nilidhani ni mimi," mama alisema. "Lakini mimi nilihesabu kwanza."

Alinyoosha mkono kwa Koplo, akapewa kalamu, na Koplo akakiweka kidole chake mahali pa kuanzia. Alisaini taratibu, jina zima. Kisha akautwaa mkoba wake, akainuka, akautafuta ukuta kwa kiganja hadi akaupata, akatoka kwenye korido. Mwanawe alisaini haraka bila kusoma, akamfuata. Inspekta, aliyekuwa mlangoni, aliwaona wakifika karibu na mwisho wa korido kabla mama hajakubali kushikwa kiwiko.